Sheria Iliyokataza Treni Kusimama

Nchi ninayoisimulia ipo, lakini msijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Ramani zetu zilikusanywa na serikali mwaka ule mito ilipogundulika kuwa inapita bila kibali. Mimi ni raia mtiifu. Naandikia gazeti la serikali, *Sauti ya Shukrani*, na kila nitakalowaambia hapa nililiona kwa macho yangu au niliambiwa na mtu mwenye cheo, mambo ambayo kwetu ni kitu kimoja.

Nchi yetu ina reli moja. Inaanzia Mlimani, mji mkuu, kwenye baridi na wizara, inateremka mpaka Ziwani, kwenye joto na samaki. Kutoka juu hushuka kabichi, maharage na hotuba. Kutoka chini hupanda samaki. Watu wameishi hivyo miaka mingi kwa amani, na wangeendelea kuishi hivyo kama madereva wa treni wasingeanza kulalamikia kitu kidogo kama breki.

Aliyeanzisha ni mwanamke wa makamo, Zamda Mkufya, dereva na mwenyekiti wa chama cha madereva. Mnene kidogo, mwenye sauti ya kukwaruza kwa kuzoea kushindana na injini. Masika yale alikuwa anashusha treni ya mizigo kwenda Ziwani. Alipoikaribia stesheni akavuta breki. Hazikushika. Treni ikapita stesheni, ikavunja ukuta, ikaingia soko la dagaa. Msaidizi wake, mzee Liganga, aliruka akavunjika mguu. Bi. Asumini, aliyekuwa ameinama akigeuza dagaa zake juani, hakuwahi hata kuinua kichwa.

Serikali haikulala. Iliunda tume. Tume ikaenda Ziwani, ikala samaki, ikarudi na matokeo ya uchunguzi: soko lilikuwa limekaa mbele ya treni. Soko likapewa onyo kali.

Zamda alitoka mazikoni moja kwa moja akaenda kwenye chumba cha mapumziko cha madereva. Akavua kofia ya kazi, akaiweka mezani.

"Mimi sishiki treni tena mpaka breki ziletwe," alisema. "Anayetaka kuendesha aendeshe, simzuii. Lakini mimi sitaki kumzika mtu mwingine."

Wenzake wakatazamana. Mmoja akavua kofia. Kisha mwingine. Kufika alasiri meza ilikuwa imejaa kofia, na nchi nzima hapakuwa na gurudumu linalozunguka juu ya reli.

Serikali ilijitahidi sana kuwaelewa. Iliwapa nyongeza ya mshahara, wakaikataa. Iliwapa sare mpya zenye vifungo vinavyong'aa, wakazikunja wakazirudisha. Ndipo Waziri wa Uchukuzi, Mheshimiwa Dokta Anselmi Mkindi, alipomwita Zamda ofisini. Mimi nilikuwapo, nimekaa pembeni kuandika habari za maelewano.

"Mama Mkufya," alisema Waziri kwa upole, "hebu nifafanulie kama mtu asiyenichukia. Hizi breki ni za kazi gani hasa?"

"Ni za kusimamisha treni, Mheshimiwa."

Waziri akacheka, akanitazama mimi, akacheka tena. "Lakini ninyi mmezisimamisha treni zote, nchi nzima, na breki hamna! Sasa mnazitaka za nini?"

 Nilidhani Zamda angelia. Badala yake akasimama, akasema, "Haya, Mheshimiwa, asante kwa chai," ingawa chai hakuwa amepewa, akatoka.

Niliandika kwamba mazungumzo yalifanyika katika hali ya uchangamfu.

*

Mwanzoni mgomo uliwaumiza watu wa kawaida tu, kwa hiyo haukuwa wa dharura. Kabichi zilioza Mlimani mpaka mji ukanuka. Ziwani watu wakala samaki asubuhi, mchana na jioni, wakaanza kuota mapezi. Wagonjwa waliokuwa wakipandishwa hospitali kuu wakawa wanabebwa kwa machela barabarani. Yote haya yalivumilika.

Kisha mkahawa wa Bunge ukaishiwa sato.

Kesho yake Spika, Mama Rukia Tenga, aliitisha Bunge kwa dharura. Sijapata kuona wabunge wakiwahi namna ile. Hata wale tunaowajua kwa picha tu walifika wenyewe. Mama Spika ni mwanamke mrefu, mwenye wigi la kijivu na sauti ya kumtuliza ng'ombe, na aliifungua shughuli kwa kusema taifa liko kwenye makali ya wembe.

Waziri Mkindi akawasilisha Muswada wa Sheria ya Kurejea Kazini. Ulikuwa mfupi, maana uliandikwa ndani ya gari. Kifungu cha kwanza kilisema kila dereva arudi kazini mara moja. Kifungu cha pili kilisema: *Ni marufuku kwa mtu yeyote kusimamisha treni, kwa sababu yoyote ile, na atakayeshawishi isimamishwe ana kosa sawa na aliyeisimamisha.* Adhabu ilikuwa kifungo cha maisha. Kifungu cha tatu kilitamka kwamba breki zote za nchi ni nzima.

Mbunge mmoja wa nyuma aliinua mkono. "Mheshimiwa Spika, kifungu cha pili kinanitatiza. Stesheni je? Treni haitasimama kwenye stesheni?"

Ukumbi ukaguna.

"Mheshimiwa," alijibu Waziri, "nchi inaungua, wewe unauliza habari za stesheni?"

"Aibu! Kaa chini!" wakapiga kelele wenzake.

Mbunge akakaa, akaomba kumbukumbu zionyeshe kwamba aliuliza kwa nia njema. Mama Spika akawahoji. Wakasema ndiyo kwa sauti iliyotikisa vioo, na mmoja aliyekuwa amekwenda msalani alirudi akikimbia huku akisema ndiyo tangu kwenye korido.

Mtukufu Rais akatia saini jioni ileile. Akatangaza kwamba treni ya kwanza chini ya sheria mpya itabeba Bunge zima kwenda Ziwani kusherehekea, naye atatangulia kwa ndege ili akawapokee yeye mwenyewe. Ikumbukwe, Mtukufu hapandi treni. Madaktari wamemkataza.

*

Madereva walifuatwa majumbani kwao na polisi. Wote walikataa, wote wakawekwa mahabusu, wakaambiwa watatoka siku treni itakapoondoka. Zamda hakukamatwa. Yeye alikuwa ndiye atakayeiendesha.

Alikataa. Akakaa nyumbani na pazia limefungwa. Nilimfuata kutafuta habari ya majuto yake, nikamkuta mzee Liganga ametangulia, magongo yake yameegemezwa ukutani.

"Dada Zamda," Liganga alikuwa akisema, "wenzetu wamelala sakafuni. Mke wa Mashaka amejifungua, baba mtu hajamwona mtoto. Mimi mguu wangu ndio huu. Sina sababu ya kuipenda treni ile. Lakini hawa jamaa hawataleta breki kwa sisi kukaa gizani."

"Na nikiua tena, kaka?"

 Liganga alikuna goti la mguu mbovu.

"Tutaishusha taratibu," alisema. "Tutaishikilia kwa injini. Na tukifika Kona ya Mbega, kabla mteremko haujaanza, pale tambarare unaizima, inasimama yenyewe. Watufunge. Waheshimiwa wenyewe watashuka watembee."

Zamda alikunja kanga yake magotini, akaikunjua, akaikunja tena. Mwisho alisema, "Basi unakuja na mimi."

"Nani mwingine atakupigia soga?" alijibu Liganga.

Asubuhi ya safari, stesheni ya Mlimani ilipambwa kwa vitambaa. Zamda alimfuata Waziri pale jukwaani, mbele za watu, akamwonyesha kifungu cha pili kwa kidole.

"Mheshimiwa, hapa sijaelewa. Nikifika Ziwani nifanyeje?"

"Utii sheria."

"Sheria inasema nisisimame."

"Mama, usitafute visingizio," alisema Waziri huku akitabasamu kwa ajili ya kamera. "Ziwani reli inaishia. Treni itasimama yenyewe."

Watu wakapiga makofi. Zamda alikuwa bado ameweka kidole kwenye kifungu Inspekta Bwire alipomgusa bega. Inspekta huyu alikuwa mtu mwembamba, mpole, aliyeamriwa kupanda na dereva kwenye kichwa cha treni ili kuilinda sheria. Alikuwa na bastola, na kwa jinsi alivyoishika ulijua angefurahi mtu akimpokea.

Mhariri wangu alinitaka niandike kutoka kila pembe ya safari, hivyo nikapewa ruhusa ya kupita kati ya mabehewa na kichwa cha treni. Nilikuja kuijutia ruhusa hiyo.

*

Mwanzo wa safari ulikuwa mzuri ajabu. Waheshimiwa walikula sambusa, wakaimba, wakapunga mikono madirishani. Stesheni ya kwanza tuliipita polepole. Abiria waliokuwa wamekaa juu ya mizigo yao wiki nzima waliinuka, wakabeba vikapu, wakakimbia sambamba na treni, kisha wakaachwa. Mbunge mmoja alisema inatia moyo kuona wananchi wanavyoipenda serikali yao hadi kuikimbilia.

Stesheni ya pili ilikuwa Kwadelo. Huko alikuwa akitokea yule mbunge aliyeuliza swali. Watu wake walikuwa wameandaa ngoma, mbuzi wa kuchoma na bango lenye picha yake. Alisimama mlangoni, amefunga tai vizuri, tayari kushuka. Bango likaja, likafika, likapita. Harufu ya mbuzi ikaingia ndani ikatoka.

"Shusha!" alipiga kelele. "Dereva, shusha! Nimefika!"

Nyimbo zikakatika. Kwa mara ya kwanza mtu akauliza kwa sauti kitu ambacho nadhani kilikuwa kimeanza kuwatembea wengi mgongoni. "Jamani, hii treni itasimama wapi?"

Waziri Mkindi akavuka mabehewa mpaka mbele, nami nyuma yake. Zamda alikuwa ameshika usukani wa mwendo kwa mikono miwili, jasho limemlowesha. Liganga amekaa kwenye kijisanduku. Inspekta Bwire amejibana kwenye kona.

"Mama, kwa nini hukusimama Kwadelo?"

"Sheria, Mheshimiwa."

"Achana na sheria! Simamisha treni!"

Inspekta Bwire akakohoa. "Mheshimiwa, samahani sana. Kifungu cha pili. Anayeshawishi ana kosa sawa na..."

Rangi ilimtoka Waziri. Aligeuka kunitazama. "Wewe hukusikia kitu."

"Sijasikia, Mheshimiwa."

"Kama nilisema lolote, nilisema *dumisha* treni."

"Dumisha, Mheshimiwa."

Zamda akageuza kichwa, na sauti yake ya kukwaruza ikawa ya kubembeleza, jambo lililonitisha kuliko kelele. "Mheshimiwa, nisikilize. Mbele yetu kuna Kona ya Mbega. Mpaka pale ni tambarare, nikizima injini treni itasimama yenyewe kama mtu aliyechoka. Tukiipita kona, ni mteremko mpaka ziwani, na breki huna. Nenda kawaambie wenzako wabadilishe hiki kifungu. Nenda sasa hivi."

"Na ukizima bila ruhusa?"

"Huyu baba ana bastola," alisema Zamda.

Inspekta Bwire akatazama chini. "Nimeamriwa," alinong'ona.

*

Bunge likakaa kwa dharura kwenye behewa la chakula. Siwa ilikuwa imeachwa Mlimani, na bila siwa Bunge si Bunge, hivyo ikatafutwa, na baada ya mabishano upawa mkubwa wa mpishi ukakubaliwa kwa siku hiyo tu. Ukalazwa mezani kati ya chupa za soda. Mama Spika akavaa wigi lake, akasoma dua. Nje milima ilikuwa inapita.

Waziri akasoma marekebisho, sentensi moja: *Treni inaweza kusimama pale inapobidi.* Nikadhani tumepona. Nilikuwa sijawajua vizuri waheshimiwa.

Mmoja alitaka "inaweza" iwe "itapaswa". Mwingine akasema "inapobidi" ni neno pana, afadhali zitajwe stesheni moja moja. Basi zikaanza kutajwa. Kila mbunge akataja ya kwake. Wabunge wa upande wa mashariki, ambako reli haijawahi kufika, wakasimama kwa uchungu wakauliza kama watu wao si binadamu, nao wakataka treni isimame kwao. Hoja ikaungwa mkono. Mbunge wa Kwadelo alitaka treni irudi nyuma.

Mimi sikuweza kukaa. Nilitoka, nikaenda mbele, nikarudi, nikaenda tena. Kila nikifika mbele, Zamda alikuwa ananiuliza bila kugeuka, "Wamemaliza?" Nami nasema, "Wamefika kwenye upande wa mashariki."

"Mashariki kuna reli gani?" aliuliza Liganga.

Niliporudi tena kwenye kichwa cha treni, mwamba mweusi wa Kona ya Mbega ulikuwa unaonekana mbele, umekaa kando ya reli kama chatu aliyeshiba. Zamda alitoa mkono mmoja polepole, akaupeleka kwenye swichi ya kuzima injini. Inspekta Bwire akaushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili. Bastola aliiacha kiunoni.

"Mama, nakuomba," alisema, machozi yanamlenga. "Nina watoto. Subiri wafike na karatasi. Watafika sasa hivi."

"Na mimi nina watoto, baba. Niachie."

"Sasa hivi watafika."

Walishikana hivyo mpaka kona ikatuzungusha na mwamba ukawa nyuma yetu. Mbele ardhi ikaanguka. Chini kabisa, ziwa lilikuwa linametameta. Treni ikajisikia nyepesi.

Hapo ndipo Waziri Mkindi alipoingia akihema, karatasi juu juu mkononi. "Yamepita! Kwa kauli moja! Mama, unaruhusiwa! Simama!"

Zamda alivuta wenzo wa breki mpaka mwisho. Ulikwenda kwa ulaini, kama mlango wa nyumba isiyo na mtu. Mwendo ukaongezeka.

"Simama, nimesema!"

"Breki hakuna, Mheshimiwa. Nimewaambia tangu masika."

"Lakini kifungu cha tatu kinasema ni nzima!"

"Basi zisomee," alisema Zamda.

Na ninaapa, Waziri alizisomea. Alifungua sheria, akainama kwenye wenzo ule, akasoma kifungu cha tatu kwa sauti kubwa na matamshi mazuri. Aliposhindwa akakirudia, safari hii akitaja na jina la Mtukufu Rais.

*

Aliyetuamsha ni Liganga. Aliinuka kwa gongo moja akaanza kupiga kelele kwamba mabehewa haya ya zamani yana breki za mkono, magurudumu ya chuma yaliyopo mwishoni mwa kila behewa, ya kuifunga treni ikiwa imelala. Hazikuundwa kuzuia treni inayokimbia, lakini hapakuwa na kingine.

"Kila gurudumu linataka watu wanne wenye nguvu!" aliniambia. "Nenda! Waambie wazungushe, wasiache!"

Nikakimbia. Inspekta Bwire akanipita mbio, amevua kofia. Nilipoingia kwenye behewa la chakula nilisahau adabu yote niliyofundishwa.

"Inukeni!" nilipiga kelele. "Inukeni mfanye kazi!"

Wakanitazama. Mama Spika alisema kwa utulivu, "Huyu si mbunge. Hana haki ya kuzungumza." Kisha behewa likayumba, soda zikaruka ukutani, upawa ukaviringika ukapotelea chini ya viti, naye akaona ziwa dirishani jinsi lilivyokuwa karibu. Akatupa wigi. "Gurudumu liko wapi?" aliuliza.

Ndugu msomaji, nimewaona viongozi wetu wakifanya kazi. Si wengi wanaoweza kusema hivyo. Niliona Waziri wa Kilimo, ambaye hajawahi kushika jembe ila kwenye picha, akining'inia kwenye chuma na suruali imempasuka. Niliona pete za dhahabu zikikwama kwenye nyama ya vidole. Mama Spika alisimama kichwa wazi, nywele zake fupi nyeupe, akihesabu "Haya! Haya! Vuta!" kwa sauti ya mkulima, na ikajulikana baadaye kwamba alikulia shambani. Mbunge wa Kwadelo alilia, akazungusha, akalia, akazungusha. Chini yetu vyuma vililia zaidi yao, cheche zikaruka madirishani, na harufu ya moto ikajaa.

Nilirudi mbele. Zamda alikuwa amerudisha injini kinyume na amening'inia kwenye honi bila kuiachia.

Ziwani walisikia honi. Kwenye jukwaa la stesheni alikuwapo Mtukufu Rais, na mbele yake, hadi ukingoni kabisa mwa reli, wanafunzi wa shule za msingi wamepangwa kwa mistari na vijibendera. Bendi ilidhani honi ni salamu. Ikajibu kwa tarumbeta. Watoto wakapunga bendera. Mtukufu akainua mkono.

"Ondokeni," Zamda alikuwa akisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba. "Ondokeni, wanangu. Ondokeni hapo."

Walioielewa honi ile ni wanawake wa soko la dagaa. Waliwahi kuisikia. Niliwaona kwa mbali wakitoka nyuma ya ukuta uliovunjika, kanga zimefungwa viunoni, wakikimbia, si kutoka kwenye reli bali kuielekea. Wakalivamia jukwaa. Walinzi wakajaribu kuwazuia wakaangushwa. Wakawabeba watoto wawili wawili, wakawasukuma, wakawavuta masikio, wakawatupa upande wa pili kama magunia. Mwanamke mmoja mnene alimkamata Mtukufu Rais kwa kola ya koti na kumburuta huku akimwambia, "Wewe nawe, unasubiri nini, huoni?"

Tukaukata utepe wa sherehe uliokuwa umefungwa kukatiza reli. Tukapita jukwaa zima, lililokuwa tupu, polepole zaidi, polepole zaidi, vyuma vikilia. Tukakisagasaga kiti cha Mtukufu kilichokuwa kimeangukia relini. Tukasimama.

Hapakuwa na sauti ila injini kuhema. Zamda aliachia honi. Akakaa sakafuni. Liganga naye akakaa kando yake, akanyoosha mguu mbovu.

"Hakuna aliyekufa?" aliuliza Zamda.

Nilichungulia nje, nikatazama kila upande. "Hakuna," nilisema.

Ndipo akalia.

*

Siku hiyohiyo alikamatwa. Ilibainika kwamba marekebisho yaliyoruhusu treni kusimama yalikuwa hayajatiwa saini na Mtukufu, hivyo treni ilisimama kinyume cha sheria. Wabunge nao walikuwa wameshiriki, lakini iliamuliwa kwamba wao walifanya hivyo kwa kinga ya Bunge. Wanawake wa soko wakampelekea Zamda chakula mahabusu kila siku, na askari wakala naye, maana kilikuwa kizuri. Gazeti langu lilitoka na kichwa cha habari: SHERIA MPYA YASIMAMISHA TRENI. Nilikiandika mimi. Kila neno lilikuwa kweli.

Ikafika siku ya Bunge kurudi Mlimani. Treni ikageuzwa, ikasafishwa, bendi ikaja. Wabunge walifika stesheni, mikono imefungwa bandeji, wakaitazama treni. Hakuna aliyepanda.

"Waheshimiwa, tafadhali," alisema Waziri Mkindi, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amesimama mbali kidogo.

"Breki zimeletwa?" aliuliza mbunge wa Kwadelo.

"Ziko mbioni."

"Basi na sisi tuko hapahapa."

Wakakaa chini jukwaani. Mama Spika, ambaye tangu siku ile hakuvaa tena wigi, alitoa tamko kwamba huo si mgomo. Waheshimiwa hawagomi. Wameahirisha kupanda.

Siku zikapita. Wakamaliza samaki wa hoteli. Mlimani hakukuwa na wa kupitisha bajeti wala wa kupokea wageni. Mtukufu Rais, shingo bado ina alama ya kola, alimwita Mama Spika kwa hasira. Nilisimama mlangoni nikasikia.

"Nataka sheria ya kuwarudisha kazini. Leo!"

"Sawa, Mtukufu. Itatungwa na Bunge."

"Liitishe, basi!"

"Ndilo lililokaa stesheni, Mtukufu."

 Nilisikia kiti kikisogezwa, hatua zikienda dirishani, zikirudi, zikienda. Kisha Mtukufu akasema kitu ambacho hakuna kiongozi wa nchi yetu aliyewahi kukisema. Alisema, "Zinauzwa wapi?"

Breki zilikuja kwa ndege. Madereva, waliokuwa wamesahauliwa mahabusu tangu treni iondoke, wakatolewa, na wabunge wakasema hawapandi mpaka aendeshe Zamda, kwa hiyo naye akatolewa, kwa dhamana, maana kesi yake ya kusimamisha treni bado ipo mpaka leo na husikilizwa kila mwezi. Yeye na Liganga walizijaribu breki zile kutwa nzima pale Ziwani, mbele na nyuma, mbele na nyuma, hadi wapita njia wakadhani wamerukwa na akili.

Nilipanda nao. Tulipanda mlima, tukaipita Kona ya Mbega, na jioni tukafika kituo kidogo porini, kisicho na jengo ila kibao tu. Hapakuwa na mtu isipokuwa bibi mmoja aliyekonda, ana kuku kwenye tenga na mkeka begani. Zamda akavuta breki. Wabunge nyuma wakanyamaza wote kwa pamoja, wakisikiliza. Treni ikapunguza mwendo, ikapunguza, ikatua mbele ya bibi kama iliyokuwa imetumwa kwake.

Bibi aliitazama ngazi ndefu ya behewa, akamtazama Zamda dirishani kwa wasiwasi.

"Mwanangu, nisubiri. Mimi miguu haina haraka."

"Panda taratibu, bibi," alisema Zamda, mkono wake ukiwa bado juu ya wenzo. "Imeshika."